Kosa Lisilotamkwa: Kinga ya Askari Polisi Mbele ya Majaji wa Marekani

Mtu anayeishi Marekani anapomfungulia askari polisi kesi ya madai katika mahakama ya shirikisho, kwa sababu amepigwa, ameng'atwa na mbwa wa polisi au amefyatuliwa risasi, jaji huwa na maswali mawili mbele yake. La kwanza ni kama askari yule alivunja Katiba. La pili ni kama, siku ya tukio, ulikuwapo tayari uamuzi wa mahakama ulioweka wazi kwamba kitendo cha namna ile kimekatazwa, kiasi kwamba askari yeyote mwenye busara angejua. Jibu la swali la pili likiwa hapana, kesi dhidi ya askari huyo inafutwa hata kama jibu la swali la kwanza lingekuwa ndiyo. Hiyo ndiyo kinga yenye masharti, na haikuandikwa na Bunge lolote, bali ilijengwa na majaji wenyewe, hukumu baada ya hukumu. Tangu mwaka 2009 jaji ana ruhusa pia ya kuliruka swali la kwanza asiliguse kabisa. Ruhusa hiyo, ambayo magazeti ni nadra kuitaja, inanisumbua kuliko sehemu nyingine yoyote ya sheria hii.

Ninaishi katika jimbo la Michigan, miongoni mwa familia nyingi zilizotoka Kivu, na nilianza kuzisoma hukumu za aina hii baada ya asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022 katika mji wa Grand Rapids. Asubuhi hiyo askari Christopher Schurr alisimamisha gari lililokuwa likiendeshwa na Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 aliyezaliwa Kongo na aliyefika Marekani na familia yake kama wakimbizi mwaka 2014. Sababu ya kumsimamisha ilikuwa namba za gari, ambazo hazikulingana na gari lenyewe. Lyoya alishuka, akazungumza na askari kwa muda mfupi, kisha akakimbia. Walikabana kwenye nyasi za mbele ya nyumba za watu, wakagombania silaha ya umeme ambayo polisi huitumia kumlegeza mtu, na mwishoni, Lyoya akiwa kifudifudi chini na askari akiwa juu yake, askari alimpiga risasi moja kisogoni. Wazazi wake walipozungumza na waandishi wa habari walizungumza Kiswahili, na mkalimani akayafikisha maneno yao kwa Kiingereza.

Baada ya ibada moja ya Jumapili, mama mzee mzaliwa wa Uvira aliniuliza: "Mwana yangu, juu ya nini hakuna mtu anatuambia kama ilikuwa makosa?" Hakuulizia pesa, wala miaka ya kifungo. Alitaka kujua ni nani katika nchi hii mwenye kazi ya kutamka kwamba jambo lile lilikuwa kosa au halikuwa kosa, na kwa nini anayepaswa kulitamka amenyamaza. Swali lake lina uzito kuliko mengi niliyosikia kutoka kwa wasomi wa sheria, na nimejaribu kulifuatilia jibu lake ndani ya hukumu zenyewe.

Hukumu ya kuanzia inatoka Memphis, Tennessee. Usiku wa tarehe 3 Oktoba 1974, askari Elton Hymon aliitwa kwenye nyumba iliyokuwa imevunjwa. Nyuma ya nyumba alimwona kijana akikimbilia uzio. Kwa mwanga wa tochi aliuona uso wake na mikono yake, na baadaye alieleza kwamba alikuwa na hakika ya kutosha kuwa kijana yule hakuwa na silaha. Alimwamuru asimame. Kijana alipoanza kuupanda uzio, askari alimpiga risasi kisogoni ili asitoroke. Alikuwa Edward Garner, mwenye miaka 15, na alikutwa na pochi pamoja na dola 10 kutoka katika ile nyumba. Askari hakuwa ametenda jambo geni, kwa maana sheria ya Tennessee, iliyorithiwa kutoka Uingereza ya zamani, iliruhusu nguvu yoyote iliyohitajika kumkamata mtu anayekimbia baada ya kosa kubwa la jinai. Sheria hiyo ilizaliwa wakati ambapo karibu kila kosa kubwa liliadhibiwa kwa kifo, kwa hiyo kumwua mkimbiaji kulihesabiwa kuwa ni kuitanguliza tu adhabu iliyokuwa ikimngoja.

Baba wa kijana alifungua kesi, na ilichukua zaidi ya miaka kumi kufika mwisho. Mwaka 1985, kwa kura sita dhidi ya tatu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumpiga mtu risasi ni kumkamata, na kwa hiyo Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayokataza ukamataji usio wa busara, yanahusika. Jaji Byron White aliandika kwamba askari haruhusiwi kuua ili tu kumzuia mtu asitoroke, isipokuwa ana sababu ya kutosha kuamini kwamba mtu huyo ni hatari ya kifo au ya majeraha makubwa kwake yeye au kwa wengine. Naiheshimu sana hukumu hii. Ni miongoni mwa hukumu chache za aina hii zinazoanza na mtoto aliyekufa na kumalizika na kanuni ambayo askari anaweza kuikariri moyoni.

Miaka minne baadaye ikaja hukumu ya Graham dhidi ya Connor, ambayo ndiyo inayotawala hadi leo. Dethorne Graham, mkazi wa Charlotte, North Carolina, alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Siku moja ya Novemba 1984 alihisi sukari yake inashuka, akamwomba rafiki ampeleke dukani kununua maji ya machungwa. Alikuta foleni ndefu, akatoka haraka ili aende kwa rafiki mwingine. Askari Connor aliyeuona ule utokaji wa haraka alishuku kuna jambo, akalifuata gari na kulisimamisha. Graham akiwa nusu hana fahamu alifungwa pingu, akasukumwa uso juu ya gari, akatupwa ndani ya gari la polisi, na rafiki alipoleta maji ya machungwa askari walikataa apewe. Taarifa ikaja kwamba hakuna lolote lililotokea dukani, wakamrudisha nyumbani. Alibaki na mguu uliovunjika, mikato mikononi, michubuko ya paji la uso na bega lililoumia.

Mahakama ya Juu ilisema kesi za nguvu za polisi zipimwe kwa busara ya kitendo chenyewe, bila kujali nia iliyofichika moyoni mwa askari, na kwamba wapimaji waangalie uzito wa kosa linaloshukiwa, kama mtu aliwatishia wengine hatari ya papo hapo, na kama alikataa kukamatwa au alijaribu kukimbia. Hadi hapo sina ugomvi. Lakini Jaji Mkuu William Rehnquist aliongeza kwamba kitendo kipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwapo pale, na si kwa macho ya anayetazama nyuma akiwa ametulia, kwa sababu askari hulazimika kuamua kwa kufumba na kufumbua. Sentensi hiyo imenukuliwa katika hukumu nyingi mno tangu mwaka 1989. Aliyeandikiwa ni Graham, ambaye kwake hapakuwa na jambo lolote la kuamuliwa kwa kufumba na kufumbua: alikuwa mgonjwa aliyehitaji kinywaji cha sukari. Kesi iliporudishwa kusikilizwa upya kwa kipimo kipya, jopo la raia liliwapa ushindi askari.

Kwa hiyo upande wa swali la kwanza, yaani kama Katiba ilivunjwa, askari tayari anapewa nafasi pana. Mtu angetarajia kwamba anayeshinda kipimo hicho kigumu amekwisha kushinda. Kinga inaingia baada ya hapo.

Sheria inayomruhusu raia kumshtaki askari kwa kuvunja haki za Katiba ilisainiwa na Rais Ulysses Grant tarehe 20 Aprili 1871. Ilitungwa dhidi ya Ku Klux Klan, wakati ambapo Waamerika Weusi waliotoka utumwani waliuawa na kuchomewa nyumba huku masherifu wa Kusini wakitazama au wakishiriki. Maneno yake ni mapana: kila mtu anayetumia mamlaka ya jimbo kumnyima mwingine haki zake za Katiba atawajibika kwake. Haina neno hata moja la kinga. Kwa takribani miaka 90 ililala karibu bila kutumika dhidi ya polisi, mpaka kesi ya James Monroe wa Chicago. Alfajiri moja ya mwaka 1958, askari 13 walivunja mlango wa nyumba yake, wakawatoa yeye na mke wake kitandani na kuwasimamisha uchi sebuleni, wakapekua kila chumba, kisha wakamshikilia Monroe kituoni kwa saa 10 na kumwachia bila mashtaka. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya 1871 inawahusu askari hata pale wanapovunja sheria za jimbo lao wenyewe. Mlango ukafunguka.

Ulianza kufungwa miaka sita tu baadaye. Kundi la makasisi 15, Weusi kwa Weupe, walikamatwa mwaka 1961 katika kituo cha mabasi cha Jackson, Mississippi, kwa kujaribu kutumia chumba cha kungojea kilichotengwa kwa rangi. Walipowashtaki askari, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1967, katika kesi ya Pierson dhidi ya Ray, kwamba askari aliyekamata mtu kwa nia njema, akiamini sheria aliyoitumia ni halali, asidaiwe fidia. Mantiki hiyo inaeleweka: askari hawezi kutabiri sheria ipi itafutwa kesho. Lakini mwaka 1982, katika kesi ya Harlow iliyowahusu wasaidizi wa Rais Nixon na wala si polisi, majaji waliondoa swali la nia njema na kuweka mahali pake swali la kama haki iliyovunjwa ilikuwa imethibitishwa waziwazi. Tangu hapo hata askari mwenye nia mbaya kabisa analindwa, mradi hakuna uamuzi wa awali unaofanana vya kutosha na alichokitenda. Kinga iliyoombewa mtu mwema aliyekosea ikawa ya kila mtu.

Je, ufanane kiasi gani? Hapo ndipo hukumu zinapoumiza kusoma. Mwaka 2014 askari wa Nashville walikuwa wakimfuata Alexander Baxter kwa kushukiwa kuvunja nyumba. Walimkuta katika chumba cha chini ya nyumba. Kwa maelezo yake, alikuwa ameketi na kuinua mikono juu, lakini mbwa aliachiliwa akamng'ata. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, ambayo ndiyo inayosikiliza pia rufaa za Michigan, ilikuwa imekwisha kuamua katika kesi ya nyuma kwamba ni kinyume cha Katiba kumwachilia mbwa mtu aliyejisalimisha kwa kulala chini. Wakili wa Baxter aliitegemea hukumu hiyo. Majaji wakajibu kwamba kulala chini na kuketi huku mikono imeinuliwa si jambo moja, kwa hiyo askari hakuwa ameonywa waziwazi. Mwezi Juni 2020, wakati miji ya Marekani ikiwa imejaa waandamanaji baada ya George Floyd, mtu Mweusi, kuuawa na askari wa Minneapolis, Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa.

Katika jimbo la Georgia, askari aliyekuwa akimsaka mtuhumiwa aliingia uani mwa nyumba ya watu walipokuwapo watoto, watoto wakaamriwa kulala chini, kisha askari akamfyatulia risasi mbwa wa nyumba hiyo, ambaye kwa maelezo ya mama mwenye nyumba hakuwa tishio kwa mtu. Alimkosa mbwa na kumpiga nyuma ya goti mtoto wa miaka 10 aliyekuwa amelala chini karibu naye sana. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi na Moja ilimpa kinga. Mwaka huohuo, katika Mzunguko wa Tisa, askari wa Fresno waliodaiwa kujichukulia zaidi ya dola 225,000 za fedha taslimu na sarafu adimu wakati wa upekuzi walipewa kinga pia. Majaji walikiri kwamba askari walipaswa kujua kuiba ni uovu, lakini hapakuwa na uamuzi wa awali uliosema wazi kwamba kuiba mali iliyokamatwa kwa hati ya upekuzi kunavunja Marekebisho ya Nne.

Msomaji anaweza kusema: basi angalau askari anayefuata ameonywa, na akirudia kitendo hicho atawajibika. Ndivyo ingekuwa kama majaji wangelijibu swali la kwanza. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliwalazimisha kufanya hivyo, ikasema wajibu kwanza kama Katiba ilivunjwa, kisha ndipo waulize habari za kinga. Mwaka 2009, katika kesi ya Pearson dhidi ya Callahan, lazima hiyo iliondolewa. Majaji wa chini walikuwa wamelalamika kwamba wanatumia muda mwingi kujibu swali gumu la Katiba katika kesi ambayo mwisho wake unajulikana. Malalamiko hayo yana msingi wa kikazi, lakini tazama matokeo yake. Jaji anasema: haki hii haikuwa imethibitishwa, kesi imefutwa, na sisemi kama ilivunjwa. Mwaka unaofuata kitendo kilekile kinafanywa na askari mwingine, na jaji mwingine anatafuta uamuzi wa awali na haupati, kwa sababu wa kwanza alinyamaza. Haki haiwezi kuthibitishwa kwa sababu haijathibitishwa. Mduara huo unaweza kuendelea kwa miaka mingi bila mahakama yoyote kutamka lolote kuhusu kitendo chenyewe.

Naye yule mama wa Uvira alikuwa ameugusa mduara huo kwa kidole bila kuzisoma hukumu. Nilimweleza kwa kirefu, akanisikiliza hadi mwisho, akasema kule walikotoka hawakuwahi kutegemea jaji aseme kitu, lakini hapa waliambiwa kwamba kuna sheria.

Mahakama ya Juu yenyewe mara nyingi imekuwa upande wa askari. Katika kesi ya Mullenix ya mwaka 2015, askari wa Texas alisimama juu ya daraja la barabara na kulifyatulia risasi sita gari lililokuwa likikimbizwa, ingawa wenzake walikuwa wamekwisha kutandaza miiba ya kutoboa magurudumu na msimamizi wake alikuwa amemwambia asubiri kwanza kuona kama itafanya kazi. Dereva alikufa. Kinga ilitolewa, na Jaji Sonia Sotomayor alipinga peke yake. Mwaka 2018, katika kesi ya Kisela, askari wa Tucson alikuwa amempiga risasi nne mwanamke aliyesimama na kisu cha jikoni mkononi, hatua chache kutoka kwa mwenzake wa nyumbani, muda usiofika dakika moja tangu polisi wafike. Alinusurika. Kinga ilitolewa bila hata kusikiliza hoja za mdomo, na Sotomayor aliandika, Ruth Bader Ginsburg akimuunga mkono, kwamba hukumu kama hizi zinawafundisha askari kufyatua kwanza na kufikiri baadaye.

Ni haki kusema kwamba upande wa pili pia una hukumu zake. Mwaka 2002 Mahakama iliwanyima kinga walinzi wa gereza la Alabama waliomfunga mfungwa kwenye nguzo juani kwa saa saba, ikasema kuna matendo ambayo ubaya wake hauhitaji kesi inayofanana. Mwezi Novemba 2020 iliwanyima kinga walinzi wa Texas waliomweka mfungwa siku sita katika seli chafu za kinyesi. Hukumu hizo mbili ni za magereza. Kwa askari wa barabarani, mkondo haukubadilika: mwezi Oktoba 2021 Mahakama iliandika hukumu mbili kwa siku moja, zote mbili zikiwapa askari kinga.

Wanaoitetea kinga wana hoja ninayoiheshimu. Wanasema mtu anayelipwa mshahara wa kawaida, anayetumwa usiku mahali penye hatari, asibebe hofu ya kupoteza nyumba yake kwa uamuzi wa sekunde moja, kwa sababu hofu hiyo itamfanya asite pale ambapo kusita kunaua, au aiache kazi kabisa. Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama askari wangekuwa wanalipa. Profesa Joanna Schwartz alichunguza malipo ya idara kadhaa kubwa na ndogo za polisi kati ya mwaka 2006 na 2011, akakuta kwamba asilimia 99.98 ya fedha walizopata wadai zililipwa na serikali za miji, kaunti na majimbo. Mji wa Minneapolis ulikubali kuilipa familia ya George Floyd dola milioni 27 kutoka hazina yake mwezi Machi 2021, wiki chache kabla Derek Chauvin, askari aliyemuua, hajatiwa hatiani tarehe 20 Aprili, siku ambayo sheria ya Grant ilikuwa ikitimiza miaka 150 kamili. Kinga, basi, hailindi mfuko wa askari, kwa maana mfuko huo umekwisha kulindwa kwa njia nyingine. Inamwondolea askari wajibu wa kusimama na kujibu, na inamwondolea jaji wajibu wa kusema.

Majimbo machache yametafuta njia yao. Colorado ilipitisha sheria mwezi Juni 2020 inayomruhusu raia kudai chini ya Katiba ya jimbo bila kinga hii kusimama njiani, na askari aliyetenda bila nia njema anaweza kulipa mwenyewe asilimia 5 ya fidia au dola 25,000, kutegemea ipi ni ndogo. New Mexico ilifuata mwaka 2021. Katika Bunge la shirikisho, muswada uliopewa jina la George Floyd, ambao ungeiondoa kinga kwa askari polisi, ulipita mara mbili katika Baraza la Wawakilishi na kukwama katika Seneti.

Upinzani wa ndani ya mahakama unatoka pande zisizotarajiwa. Clarence Thomas, jaji wa kihafidhina kuliko wote, aliandika mwaka 2020 katika ile kesi ya Baxter kwamba ana mashaka makubwa kama kinga hii ina mizizi yoyote katika sheria ya 1871. Katika Mississippi, Jaji Carlton Reeves, mtu Mweusi aliyekulia jimbo hilohilo, alilazimika mwezi Agosti 2020 kumpa kinga askari aliyempekua dereva Mweusi kwa karibu saa mbili bila kukuta kitu, na katika hukumu ileile akaiomba Mahakama ya Juu iifute kanuni iliyomfunga mikono. Kisha Profesa Alexander Reinert akaonyesha jambo la kushangaza: sheria kama Bunge lilivyoipitisha mwaka 1871 ilikuwa na maneno yanayosema uwajibikaji huo unasimama bila kujali sheria au desturi yoyote ya jimbo inayosema kinyume, na maneno hayo yaliachwa wakati sheria zilipokusanywa upya kitabuni mwaka 1874. Jaji Don Willett wa Texas aliutambua ugunduzi huo katika maoni yake ya mwaka 2023. Kinga nzima imejengwa juu ya dhana kwamba Bunge la 1871 halikukusudia kuziondoa kinga za zamani, na kumbe lilisema wazi.

Katika Michigan kuna fundo jingine, na linahusu jinai. Wengi wetu tulidhani hukumu ya Garner ilikomesha kila mahali ruhusa ya kumpiga risasi anayekimbia. Haikufanya hivyo. Mwaka 1990, katika kesi ya raia aliyempiga risasi mtu aliyemkuta akivunja gari lake, Mahakama ya Juu ya Michigan ilisema Garner inahusu madai ya kiraia na haibadilishi yenyewe sheria ya jinai ya jimbo. Kanuni ya zamani kuhusu mtoro wa kosa kubwa ikabaki hai, na mawakili wa Schurr, aliyeshtakiwa mwezi Juni 2022 kwa mauaji ya daraja la pili, waliitumia kuomba kesi ifutwe. Mahakama za rufaa zilikataa, zikaacha jopo la raia liamue. Kesi ilisikilizwa mwaka 2025. Askari alieleza kwamba aliogopa kwa uhai wake kwa sababu silaha ya umeme ilikuwa mikononi mwa Lyoya. Tarehe 8 Mei wanajopo walishindwa kukubaliana, na wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka alitangaza kwamba hatarudia kesi. Upande wa jinai uliishia hapo, bila kauli ya hatia na bila kauli ya kuachiliwa na jopo.

Katikati ya wiki hizo mbili, tarehe 15 Mei 2025, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya Barnes dhidi ya Felix, nayo pia ilianza na gari kusimamishwa. Ashtian Barnes alikuwa akiendesha gari la kukodi karibu na Houston mwezi Aprili 2016, na gari hilo lilikuwa na madeni ya ushuru wa barabara. Gari lilipoanza kusogea, askari aliruka juu ya kizingiti cha mlango na kufyatua risasi mbili. Mahakama za chini zilitazama zile sekunde mbili tu ambazo askari alikuwa amening'inia, zikasema wakati huo alikuwa hatarini, basi. Majaji wote tisa, kwa kalamu ya Elena Kagan, walisema hilo si sahihi: lazima itazamwe hali nzima, pamoja na yaliyotangulia risasi. Ni hukumu njema, na kwa watu wanaosimamishwa kwa namba za gari au madeni ya barabara ina maana kubwa. Hata hivyo haikugusa kinga, na haikusema lolote juu ya askari anayejiingiza mwenyewe katika hatari anayoitumia baadaye kama sababu ya kuua.

Familia ya Lyoya ilifungua kesi ya madai katika mahakama ya shirikisho mwezi Desemba 2022. Kesi kama hizo Magharibi mwa Michigan hufuata hukumu za Mzunguko wa Sita, uleule uliotofautisha aliyelala na aliyeketi. Lakini hukumu ya mwaka 2009 haikumkataza jaji kufuata mpangilio wa zamani. Ilisema hata kwamba mara nyingi mpangilio huo una faida. Kwa hiyo ninachokitaka hakihitaji Bunge wala Seneti. Naomba majaji wanaoletewa kesi za namna hii walijibu swali la kwanza kwanza, kwa maandishi, hata pale watakapoona kwamba kinga itamlinda askari aliye mbele yao. Familia inaweza kukosa fidia, lakini itaondoka na hukumu inayosema kilichotendwa kilivunja Katiba au hakikuivunja, na askari atakayesimamisha gari mwakani hatakuwa na njia ya kudai kwamba hakuonywa.